Miezi Kumi na Miwili

Mdogo wangu alikufa kwa sababu alipanda juu ya mzigo wa lori. Kila mtu wa Nakivale anaijua safari hiyo: magunia chini, watu juu, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika kofia. Nauli yake ni nafuu kuliko ya taksi, na mtu anayepeleka maharage Mbarara anapenda kukaa karibu na gunia lake. Ilikuwa Machi 2018, barabara imejaa tope, na dereva alikuwa anakimbiza mvua. Kwenye kona lori likalala ubavu, magunia yakawaangukia watu. Wengine walivunjika mikono na miguu. Yeye alifika hospitali akiwa hai, akaongea na mimi kwa simu, akaniuliza maharage yake yako wapi. Siku ya tatu akafariki.

Msiba tumeshaulia. Leo naandika juu ya kesi ambayo hatukuifungua, na juu ya sheria iliyotufungia mlango. Nimekuja kugundua kwamba sheria hiyo ina historia ndefu, imetoka mbali kuliko sisi tulivyotoka, na watu wengi hapa kambini wanaumizwa nayo bila hata kujua kwamba ipo.

Siku ya nne ya matanga, mwenye lori alikuja. Alikuja kwa heshima, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka na wazee. Alileta shilingi 300,000, gunia moja la posho na karatasi moja ya Kiingereza. Alisema karatasi ni ya kuonyesha tu kwamba rambirambi imepokelewa. Shemeji yangu, mjane, hajui kusoma Kiingereza. Akaweka dole gumba. Mimi nilikuwa nje napanga viti, na hata ningekuwa ndani, sijui kama siku ile ningesoma. Baada ya wiki mbili kijana mmoja wa sekondari alitusomea: familia imelipwa, haina madai mengine tena.

Jirani yetu pale Base Camp ni mzee wa Kisomali mwenye duka. Alikuja kutoa pole, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza: "Nani anadai kwa niaba yenu?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba kwao mtu akiuawa, hata kwa bahati mbaya, kuna mag, yaani fidia ya damu, ile ambayo Waislamu wengine wanaiita dia. Kwa desturi ni ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Halipi mtu mmoja, wanalipa watu wa ukoo wake pamoja, na wanaopokea ni watu wa ukoo wa marehemu. Wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, wanahesabu. "Hatuulizi karatasi," alisema. "Tunauliza, wewe ni wa nani?"

Niliona aibu kidogo. Ukoo wetu ungekaa chini ya mti gani? Baba mkubwa yuko Nyarugusu, Tanzania. Shangazi alibaki Uvira. Binamu wawili wako Marekani, wanapiga simu Jumapili. Hapa tulikuwa na papa, ambaye ni mzee, shemeji na mtoto wake mmoja, na mimi.

Basi mimi ndiye niliyeanza kudai. Na hapo ndipo tulipoingia kwenye safari ya makaratasi.

Ofisi ya kwanza niliyokwenda waliniambia huwezi kudai kitu cha marehemu mpaka uwe na hati ya usimamizi wa mirathi. Ili uipate, leta kwanza cheti cha kifo. Ili upate cheti cha kifo, leta karatasi ya hospitali na barua ya mwenyekiti. Karatasi ya hospitali ilikuwa na jina lake moja tu, tena limeandikwa kwa "l" badala ya "r". Ripoti ya polisi ilikuwa na majina mawili, lakini yamegeuzwa. Atestesheni yake ilikuwa na majina matatu. Shemeji naye alifika Uganda miaka miwili baada ya mume wake, kwa hiyo aliandikishwa peke yake. Kwenye makaratasi walikuwa majirani tu. Harusi yao ilifanyika kanisani, kijijini kwetu, na kanisa lenyewe lilichomwa pamoja na daftari lake.

Kila kosa la herufi lilitaka kiapo, kila kiapo kilitaka safari ya Mbarara, na kila safari ilitaka nauli ambayo kwanza tuitafute kwenye shamba la mtu. Tulivuna msimu mmoja, tukapanda mwingine. Sikuwa na haraka. Nilijiambia mtu amekwisha kufa, kesi haiwezi kukimbia.

Kumbe inaweza.

Mwanzoni mwa Mei 2019 tuliingia kwa wakili Mbarara, mimi, papa na shemeji, tukiwa na bahasha iliyojaa. Wakili alikuwa mtu mzuri. Alisoma kila karatasi, akachukua kalamu, akaanza kumuuliza shemeji: mume wako alikuwa anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi? Alikuwa anakula kiasi gani? Alikuwa na miaka mingapi? Akatueleza kwamba mahakama inahesabu hivyo: kile alichokuwa analetea familia, ukitoa kile alichokuwa anatumia mwenyewe, mara miaka ambayo angeendelea kufanya kazi. Papa alikasirika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Banahesabu mpaka chakula yake? Mutu haiko mbuzi ya soko."

Lakini wakili alikuwa hajamaliza. Aligeuza cheti cha kifo, akaangalia tarehe, akaangalia kalenda ya ukutani. Kisha akaweka kalamu chini. Alituambia kwamba ile karatasi ya dole gumba angeweza kupigana nayo mahakamani, kwa sababu mtu aliyetia sahihi asichokielewa anaweza kusikilizwa. Bima ya lori, ile ya stika ya kioo, kikomo chake kwa mtu mmoja aliyekufa kilikuwa shilingi milioni 1. Hiyo nayo ingetafutwa. Tarehe ndiyo iliyomshinda. Kwa sheria ya Uganda, kesi ya kudai fidia ya kifo inafunguliwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ya kifo. Sisi tulikuwa tumepita kwa wiki tano.

Akaongeza jambo moja ambalo mpaka leo linanichoma. Ile hati ya usimamizi wa mirathi tuliyoihangaikia miezi kumi haikuwa lazima kwa kesi ya namna hii. Sheria inamruhusu msimamizi wa mirathi afungue, lakini inawaruhusu pia watu wa familia ya marehemu kufungua kwa majina yao wenyewe. Shemeji angeweza kwenda mwezi wa kwanza.

Nikiwa kwenye taksi ya kurudi nilijiuliza swali la mtoto: nani aliyeiweka hiyo miezi kumi na miwili? Kwa nini si mitatu, kwa nini si sitini? Nilimwomba kijana mmoja anayefanya kazi ya msaada wa sheria anitafutie vitabu, na kwa miezi kadhaa nilisoma polepole, kamusi pembeni. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Mwaka 1808, London, mtu mmoja aitwaye Baker alifungua kesi. Yeye na mke wake walikuwa wamepanda juu ya gari la farasi la abiria, juu kabisa, kama sisi tunavyopanda juu ya magunia. Gari likapinduka. Mke aliumia vibaya, akafa baada ya mwezi mmoja hivi. Jaji, Lord Ellenborough, alisema kwamba katika mahakama ya madai, kifo cha binadamu hakihesabiki kuwa hasara ambayo mtu anaweza kuilalamikia. Baker alipewa pauni 100, kwa michubuko yake mwenyewe na kwa kukosa mke tangu siku ya ajali mpaka siku alipokufa. Tangu hapo na kuendelea, hakuna kitu. Fikiria maana yake. Ukimvunja mtu mguu, unalipa. Ukimuua kabisa, hudaiwi na yeyote. Kuua kulikuwa rahisi kuliko kujeruhi.

Halafu zikaja reli, na watu wakaanza kufa kwa makundi. Tarehe 24 Desemba 1841, karibu na mji wa Reading, treni ya mizigo iligonga udongo ulioporomoka kwenye reli kwa sababu ya mvua. Ndani yake walikuwamo mafundi wa mawe waliokuwa wanajenga Bunge jipya la London, wanarudi makwao kwa Krismasi. Walikuwa wamepakiwa kwenye mabehewa ya wazi, kati ya injini na mizigo mizito. Mizigo ikawasukuma kutoka nyuma. Walikufa watu tisa. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Mvua, udongo, mzigo, watu masikini waliopanda kwa bei nafuu. Niliona kona yetu.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kale: kitu kilichoua mtu, kiwe ng'ombe, gurudumu au mashine, kilipangiwa thamani na thamani hiyo ikaenda kwa mfalme au kwa bwana wa ardhi. Katika ajali ile wazee wa baraza walipanga pauni 1,000 juu ya injini na mabehewa. Mjane hakuwa na fungu lake katika pesa za namna hiyo. Lakini wenye reli waliogopa, maana mabaraza ya watu wa kawaida yalikuwa yameanza kupanga thamani kubwa kwa hasira. Mwaka 1846 Bunge likafanya mambo mawili pamoja. Liliifuta desturi ile, likapitisha sheria ya Lord Campbell, ambayo kwa mara ya kwanza ilimpa mke, mume, mzazi na mtoto haki ya kulipwa kwa kifo kilichosababishwa na kosa la mtu mwingine. Na ndani yake likaweka sharti: kesi ifunguliwe ndani ya miezi kumi na miwili tangu kifo.

Hiyo ndiyo saa yetu. Ilitengenezwa mwaka 1846 kwa ajili ya mjane wa Kiingereza ambaye jina lake liko kwenye daftari la parokia, kanisa bado limesimama, na mahakama inazungumza lugha yake. Waingereza waliisafirisha sheria hiyo kwenye makoloni yao, na hapa Uganda ikaandikwa kwenye vitabu katika miaka ya 1950, pamoja na saa yake. Mwaka 1954 Waingereza wenyewe waliona kwamba mwaka mmoja hautoshi kwa watu waliofiwa, wakaongeza kuwa miaka mitatu. Kwao walirekebisha. Saa ya zamani ikabaki kwetu.

Sisemi kwamba sheria ilitungwa ili kumkandamiza mkimbizi. Aliyeitunga hakumfikiria mkimbizi hata kidogo, na ubaya wake uko hapo. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi kutoka Rwanda. Zaidi ya miaka sitini watu wamefia hapa na barabarani kwenda Mbarara, na saa ni ileile.

Wazee wa hapa wananikumbusha pia Julai 2010. Serikali za Uganda na Rwanda ziliwarudisha kwa nguvu Wanyarwanda zaidi ya 1,700 kutoka Nakivale na Kyaka. Walipakiwa kwenye malori. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema watu wawili walikufa baada ya kuruka. Nikisikia habari hiyo sasa, nafikiria jambo moja: sheria inampa ndugu wa marehemu miezi kumi na miwili ya kwenda mahakamani, na lori limeshawavusha mpaka hao ndugu wenyewe.

Nilimuuliza yule kijana wa msaada wa sheria: kuna watu wetu, Wakongomani, waliowahi kushinda kesi ya namna hii? Akanitajia Kilwa. Si ile ya pwani ya Tanzania. Hii ni Kilwa ya Katanga, mji mdogo kando ya Ziwa Mweru, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi.

Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi la serikali lilikuja kuukomboa mji, na watu zaidi ya 70 wakauawa, wengine wakipigwa risasi baada ya kukamatwa. Wanajeshi walitumia magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa inachimba shaba na fedha Dikulushi, si mbali na hapo. Wanajeshi na wafanyakazi watatu wa kampuni walishtakiwa mahakama ya kijeshi Lubumbashi, na Juni 2007 hakuna aliyepatikana na hatia kwa mauaji ya Kilwa. Familia hazikukaa. Kampuni ilikuwa na ofisi Canada, kwa hiyo mwaka 2010 kesi ya madai ilifunguliwa Quebec. Jaji wa kwanza aliikubali. Januari 2012 mahakama ya rufaa ikasema Quebec si mahali pake, na mwaka huohuo Mahakama Kuu kabisa ya Canada ikakataa kuwasikiliza. Mlango wa tatu ulikuwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, Banjul, Gambia. Huko, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, Tume ilisema serikali ya Kongo ina hatia, ilipe fidia ya dola milioni 2.5, iombe msamaha, na maiti za kaburi la pamoja zifukuliwe zizikwe kwa heshima.

Miaka kumi na mitatu. Na Tume haina polisi wala dalali wa mahakama wa kwenda kukamata mali ya serikali. Papa aliponisikia nikimsimulia, nilidhani atasema "faida gani sasa?" Hakusema hivyo. Aliuliza kama ni kweli walisema maiti zizikwe upya. Nikasema ndiyo, imeandikwa. Akakaa kimya, kisha akasema, "Basi walihesabiwa."

Nimelifikiria sana neno hilo. Kwa wakili, papa alikasirika kwa sababu mtoto wake alikuwa anahesabiwa kama mzigo. Kwa Kilwa alifurahi kwamba watu wamehesabiwa. Nadhani tofauti anaijua vizuri. Mwenye lori alileta pesa na posho, lakini hakuna mahali popote aliposema: mtu huyu alikuwa anaishi, amekufa kwa kosa langu. Hicho ndicho tulichokitaka zaidi ya shilingi, na ndicho kesi ingemlazimisha akijibu mbele ya watu. Wasomali wanakipata chini ya mti. Kilwa walikipata Banjul. Sisi tulikipoteza kwa wiki tano.

Ndugu msomaji, ukipata msiba wa namna hii, nakuomba ufanye machache. Andika tarehe ya kifo mahali utakapoiona kila siku, na hesabu miezi kuanzia hapo. Usitie dole wala sahihi kwenye karatasi ambayo hujasomewa na mtu wako. Chukua namba ya gari na namba ya faili la polisi wiki ileile. Tafuta watu wawili wanaoweza kueleza marehemu alikuwa analisha nani. Kisha nenda kwa watu wa sheria kabla ya kutafuta karatasi zote, uwaulize wao zipi zinahitajika. Kuna mashirika yanayosaidia wakimbizi bila malipo; Refugee Law Project, iliyoanzishwa Makerere mwaka 1999, ni mojawapo. Majina yaliyokosewa yanaweza kurekebishwa kesi ikiwa imeshafunguliwa. Muda ukipita ndio umepita.

Shemeji bado analima. Mtoto yuko darasa la pili, na ana sauti ya baba yake. Juzi mama mmoja wa Kashojwa alikuja nyumbani, amesikia kwamba najua mambo haya. Mume wake aligongwa na gari barabara ya Mbarara. Alianza kufungua mfuko wa karatasi, moja moja, akiomba msamaha kwamba hazijakamilika. Nilimwambia aziache kwanza, nikamuuliza tarehe. Tulihesabu kwa vidole, mimi na yeye na shemeji. Ilikuwa miezi saba. Jumatatu tulikwenda Mbarara, na shemeji ndiye aliyelipa nauli.